Kuhamisha Mnazi Mkubwa Bila Kuupoteza: Mwongozo Kamili kwa Pwani ya Mtwara na Lindi

Mtu anayenunua kiwanja Mikindani, Shangani au Kilwa Masoko mara nyingi hukuta minazi imesimama pale pale alipokusudia kuweka msingi wa nyumba, na wazo la kwanza linalomjia ni kumwita mwenye msumeno. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayesita. Mnazi wenye shina la mita 4, 6 au hata 8 unaweza kung'olewa, ukabebwa, ukasimamishwa mahali pengine na ukaendelea kuzaa, mradi kazi ifanyike katika msimu wake na mwenye mti awe tayari kuuhudumia mwaka mzima. Kuchimba na kubeba huchukua siku mbili au tatu tu. Kuuweka hai huchukua miezi kumi na miwili, na huko ndiko minazi mingi inakopotelea.

Mnazi haufanani na mwembe

Mwembe au mkorosho ukichubuliwa gome, baada ya muda hulifunika jeraha lake, kwa sababu chini ya gome kuna tabaka hai linalojenga mbao mpya kila mwaka. Mnazi hauna tabaka hilo. Shina lake likishasimama halinenepi tena, na kila kovu linalopigwa juu yake, liwe la panga, la msumari au la mnyororo wa winchi, hubaki wazi hadi siku mti utakapokufa. Tena mnazi hauna matawi ya akiba: mahali pa kukua ni pamoja tu, yaani shaha, ule moyo mweupe uliofichwa katikati ya makuti na kufunikwa kwa vilifu. Shaha likivunjika au likioza, hakuna chipukizi lingine litakalotokea ubavuni, na mti umekwisha hata kama makuti yake yatabaki ya kijani kwa wiki kadhaa.

Upande wa mizizi habari ni njema zaidi. Mnazi hauna mzizi mkuu. Una mizizi mingi mno yenye unene usiozidi kidole, yote ikitoka kwenye kitako cha shina, na kitako hicho huendelea kuotesha mizizi mipya maisha yote. Utafiti uliofanywa Florida na kuchapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba mizizi ya mnazi ikikatwa, takriban nusu yake hubaki hai na kutoa matawi, iwe imekatwa karibu na shina au mbali nalo. Jamaa zake hawana bahati hiyo. Kuna aina ya mpamu wa Marekani, Sabal palmetto, ambayo karibu kila mzizi wake uliokatwa hufa, ikalazimika kuanza upya kutoka kitakoni, na upo mpamu wa mapambo wenye shina jeupe nyororo, Roystonea regia, ambao mizizi yake hupona zaidi kadiri inavyoachwa mirefu. Kuhusu mvumo, jamaa mwingine wa mnazi, ushauri wangu ni mfupi: uache ulipo. Mche wake huzamisha kitovu chake cha kukulia chini sana ardhini kabla haujatoa majani, kwa hiyo mara nyingi anayeuchimba huukata pale pasipokatwa.

Kwa mnazi, basi, hakuna haja ya kubeba donge la udongo lenye ukubwa wa chumba. Kinachotakiwa ni kukilinda kitako, kulilinda shaha na kutoupa mti kazi ya kulisha makuti mengi kwa mizizi michache.

Kuuchagua mnazi wa kuhamishwa

Wengi hudhani kwamba mti mdogo huhamishika kwa urahisi zaidi. Kwa mnazi ukweli umepinda kidogo. Mche ambao bado unanyonya nazi yake huhamishika vizuri, na mnazi uliokwisha kuonyesha shina la mita 1 au zaidi nao huhamishika vizuri. Wenye matatizo ni ule wa katikati, uliokwisha kuimaliza nazi yake lakini haujajenga kitako kamili cha kuoteshea mizizi. Huo ni afadhali uusubiri miaka michache. Kwa upande wa juu, mnazi mrefu wa Afrika Mashariki unaweza kupita mita 20, lakini mimi singemshauri mtu ahangaike na shina linalozidi mita 8 au 9, kwa kuwa gharama ya mitambo hupanda haraka kuliko thamani ya mti, na shina refu hutikisika njiani hadi shaha likapasuka.

Tazama shina lote kuanzia chini. Minazi mingi ya zamani huku kwetu imechongwa vidato vya kupandia wakwezi, na kila kidato ni jeraha lisilopona na mahali ambapo shina linaweza kukatika litakapolazwa. Vidato vifupi vya juujuu huvumilika. Vilivyoingia ndani na kuanza kuoza vikukataze kabisa. Tazama pia makuti. Yakiwa yamekatika kwa umbo la pembetatu kana kwamba mtu ameyapitishia mkasi, basi chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe, ameshatoboa kilele. Mnazi uliotobolewa mara moja hupona, lakini usiuhamishe mwaka huo, maana chonga hufuata harufu ya mti uliojeruhiwa na atarudi.

Jambo zito kuliko yote ni ugonjwa wa kunyong'onyea. Husababishwa na vimelea vidogo mno vya aina ya fitoplasma vinavyoishi ndani ya mishipa ya mti, hauna tiba, na umeteketeza mashamba mengi ya pwani ya Tanzania. Dalili huanza kwa kupukutika nazi za kila umri kwa pamoja, kuanzia vidaka hadi zilizokomaa. Kisha makarara, yaani vifuko vinavyobeba maua ya mnazi, huwa meusi, makuti ya chini hugeuka manjano, kuti changa la katikati huoza, na mwishowe kilele chote huanguka na kuacha shina limesimama kama nguzo ya simu. Mnazi unaweza kubeba vimelea hivyo kwa miezi kadhaa bila kuonyesha lolote. Kwa sababu hiyo, usihamishe mnazi hata mmoja kutoka katika shamba ambalo minazi imekufa hivyo miaka ya karibuni, hata kama huo unaoutaka unapendeza namna gani, na kabla ya kuuvusha kutoka kijiji kimoja kwenda kingine mwite bwana shamba autazame.

Msimu

Mtwara na Lindi hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei, mara nyingi ukikatwa na kipindi cha ukavu mwezi Januari au Februari. Wakati mzuri wa kuhamisha ni mara tu mvua zinapokuwa zimelowesha ardhi, yaani Desemba, kwa sababu udongo una joto, na mizizi ya mnazi hupenda udongo wenye joto ili iote upesi, na mti unabakiwa na miezi minne au mitano ya unyevu kabla ya kusi kuanza kuvuma. Kipindi kibaya ni Juni hadi Septemba: udongo umepoa, mvua hakuna, na kusi hukausha makuti mchana na usiku. Ikiwa mjenzi anakushinikiza mnazi uondoke Julai, ni afadhali kuubadili mpangilio wa choo na jiko kuliko kuubadili msimu.

Wiki sita kabla ya siku yenyewe

Chora duara kulizunguka shina, likiwa umbali wa sentimita 45 kutoka kwenye gome. Kwenye nusu ya duara hilo chimba mtaro mwembamba wenye kina cha sentimita 60 hadi 80, ukikata mizizi kwa panga kali au beleshi lililonolewa. Usiivute wala kuipasua kwa sururu, kwa kuwa mzizi uliochanika huoza hadi ndani. Rudishia mtaro kwa udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva na uumwagilie. Baada ya wiki tatu fanya nusu iliyobaki. Kwa mnazi hatua hii si ya lazima, kutokana na tabia ya mizizi yake niliyoieleza, lakini kwenye udongo wetu wa mchanga ina faida nyingine: mizizi mipya myembamba hushikilia donge lisisambaratike siku ya kunyanyua.

Katika muda huohuo chimba shimo la kule unakokwenda, ili mnazi usije ukalala juani ukisubiri wachimbaji wagombane na mwamba. Maeneo mengi ya Mikindani na Msimbati yana tabaka la matumbawe karibu na uso wa ardhi, nalo huhitaji mtaimbo na subira. Shimo liwe na upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya donge, na kina sawa na donge, lisizidi. Lijaze maji, yakiwa bado yametuama siku ya pili, tafuta mahali pengine, kwa sababu mnazi huvumilia ukingo wa bahari lakini hauvumilii kidimbwi.

Makuti na makole

Siku mbili kabla ya kung'oa, mwagilia duara lote mpaka udongo ushibe, kisha mpandishe mkwezi mwenye mkono mtulivu. Aangushe nazi zote na makarara yote, kwa kuwa ni mzigo na ni midomo ya kulisha. Halafu akate makuti ya chini, akianza na yale yaliyozeeka, hadi ibaki nusu au theluthi moja ya makuti yaliyokuwepo. Mnazi wenye afya huwa na makuti 30 hivi yaliyofunguka, kwa hiyo yanayobaki yawe kati ya 10 na 15. Akate upongoo akiacha kigutu cha sentimita 20 au 30 kutoka shinani na asiguse vilifu vinavyozunguka kilele. Akikutana na viota vya maji moto asivichome moto, ingawa ni siungu wakali wenye kuuma. Hao ni walinzi wanaofukuza kunguni anayeangusha vidaka, na ni vizuri wasafiri pamoja na mti wao.

Makuti yaliyobaki huinuliwa na kufungwa pamoja kulizunguka kuti changa la katikati, kwa kamba laini ya katani, kwa kukaza kiasi. Shina likiwa jembamba, funga boriti nyepesi ubavuni mwake, kuanzia katikati ya shina hadi juu ya fungu la makuti, ili kilele kisiyumbe kama fimbo ya kuvulia samaki. Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, na ndiyo inayoliokoa shaha.

Kuchimba, kunyanyua na kusafirisha

Kabla ya kukata mzizi wa mwisho, ushikizie mnazi kwa kamba tatu au kwa mkanda wa kreni. Mnazi ambao mizizi yake imekwisha hauonyi kabla ya kuanguka. Fuata mtaro wa zamani, shuka hadi sentimita 80, kisha ukate chini ya donge ukielekea katikati. Donge livishwe magunia yaliyoloweshwa na kukazwa kwa kamba, kama mtu anavyofunga mzigo wa korosho, na kwenye mchanga mwepesi uvishaji huu uanze wakati donge bado limekaa ardhini.

Uzito usipigiwe ramli. Donge lenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 0.8 lina ujazo unaokaribia mita za ujazo 0.9, na udongo mbichi wa kiasi hicho una takriban tani moja na nusu. Shina la mita 6 lenye kipenyo cha sentimita 30 huongeza kilo 400 hivi, kisha kuna makuti. Kwa hiyo mnazi wa kawaida hukaribia tani 2, na mtambo uagizwe kwa hesabu hiyo, si kwa kuangalia wembamba wa shina. Tumia mikanda mipana ya kitambaa kigumu, iliyowekewa magunia chini yake, na kamwe usitumie mnyororo au waya moja kwa moja juu ya gome. Mkanda mmoja ubebe donge na mwingine ushike shina juu kidogo ya mahali pa mlingano, ili mti ulale taratibu. Pasipo kreni inawezekana kutumia magogo matatu yaliyosimikwa pamoja yakiwa na cheni bloku, pamoja na njia ya mteremko iliyochimbwa kutoka shimoni, lakini kwa shina linalozidi mita 4 njia hiyo huhitaji fundi aliyewahi kuifanya.

Kwenye lori donge likae mbele karibu na kabini, na kilele kielekee nyuma. Shina liegemee juu ya magunia yaliyojazwa makumbi, na makuti yafunikwe kwa turubai, kwa sababu upepo wa safari kutoka Mtwara hadi Lindi hukausha kuti kuliko jua la siku nzima. Ondokeni alfajiri. Shina na makuti kwa pamoja vinaweza kufika mita 10, na sehemu inayochomoza nyuma ya lori ifungwe kitambaa chekundu. Kagua nyaya za umeme siku moja kabla, kwenye njia na kwenye kiwanja. Mahali ambapo mtambo utakaribia nyaya, wasiliana na TANESCO kwanza.

Kina cha kupanda

Hapa nina deni la kukiri. Mmoja wa minazi ya kwanza niliyoihamisha, kule Mikindani, niliuzika sentimita 40 zaidi ya ulivyokuwa, kwa kuogopa kusi. Ulikaa wa kijani mwaka mmoja na nusu, watu wakaupiga picha, kisha makuti mapya yakaanza kutoka mafupi na yenye rangi ya njano iliyokauka, kila moja likiwa dogo kuliko lililotangulia. Tulipofukua tukakuta mizizi iliyofunikwa imekuwa myeusi kwa kukosa hewa. Mnazi uliozikwa hufa polepole kiasi kwamba mwenyewe hulaumu kila kitu isipokuwa siku ya kupanda.

Kwa hiyo tia alama ya rangi kwenye shina, usawa wa ardhi, kabla ya kuchimba, na alama hiyo iwe usawa wa ardhi tena utakapomaliza. Mti ukiwa ulizaliwa umeinama, usiulazimishe kunyooka. Upande na mwinamo wake. Rudisha udongo uleule uliotoka shimoni, kwa tabaka za sentimita 20, na kila tabaka limwagiwe maji hadi liwe tope na kuziba mianya yote, kwa sababu mzizi unaoning'inia kwenye uwazi hukauka. Usijaze samadi mbichi na usitie mbolea ya chumvichumvi ndani ya shimo. Malizia kwa kuinua kingo ya udongo kulizunguka donge, ya kuhifadhi maji, na tandaza makumbi au makuti makavu yasiyogusa shina.

Egemeo

Mti uliotoka kupandwa hauna nanga. Zungushia shina magunia, juu yake panga vipande vifupi vya mbao vilivyofungwa kwa mikanda, na mirunda ya kuegemeza ipigiliwe misumari kwenye mbao hizo tu. Msumari mmoja ndani ya shina ni mlango wa ukungu usiofungika. Mirunda mitatu inatosha ikiwekwa kwa akili: kusi hutoka kusini mashariki, kwa hiyo mmoja ukae kaskazini magharibi ukipokea msukumo huo; kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo wa pili ukae kusini magharibi; wa tatu ukae mashariki kuikamilisha miguu. Chini ya kila mrunda weka kipande cha ubao ili usizame mchangani. Usiiondoe kabla ya kusi nzima kupita.

Mwaka wa kwanza

Kwenye mchanga, kwa wiki mbili za kwanza mimi hutoa ndoo 4 za lita 20 kila siku ambayo mvua haijanyesha ya kutosha, kisha kila baada ya siku moja hadi mwisho wa mwezi wa pili, halafu mara mbili kwa wiki mpaka mvua za msimu unaofuata. Maji yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kweli mnazi uliokomaa hunywa maji ya chumvichumvi, na huko Ufilipino wakulima huiwekea minazi yao chumvi ya kawaida kama mbolea, lakini mizizi iliyokatwa juzi haina nguvu hizo, na visima vingi vya karibu na ufuo huingia chumvi wakati wa kiangazi.

Baada tu ya kupanda, na tena baada ya wiki mbili, mimina kwenye kilele dawa ya ukungu yenye madini ya shaba ili kuzuia kuoza kwa shaha. Salfa iliyobaki kutoka kwenye mikorosho haifai kwa kazi hii. Ni dawa nzuri ya ubwiriunga, na huo si ugonjwa wa mnazi.

Fungua kamba ya makuti baada ya wiki sita au nane. Makuti ya zamani yatakauka moja baada ya jingine na hilo lisikutishe. Yaache mpaka yakauke kabisa, maana mti bado unafyonza chakula kutoka ndani yake. Kinachosema kweli ni kuti changa la katikati. Lifunge uzi mwekundu usawa wa ncha ya kuti la jirani na ulitazame kila wiki. Uzi ukipanda, mizizi inafanya kazi. Uzi ukisimama miezi mitatu, vuta kuti hilo kwa upole: likibaki imara, endelea kusubiri na kumwagilia, likichomoka mkononi huku likinuka, shaha limeoza, na mti huo ukatwe na shina liondolewe kiwanjani au lichomwe, kwa kuwa shina linalooza ndilo zizi la kuzalia chonga.

Mbolea isubiri mpaka makuti mapya mawili yafunguke. Mnazi hudai zaidi potasiamu na magnesi, na kwenye ardhi ya matumbawe chuma na manganisi hufungwa na ile chokaa, kwa hiyo mboji nyingi juu ya ardhi husaidia, ilhali majivu ya jikoni, ingawa yana potasiamu, huongeza chokaa mahali ambapo tayari imezidi. Karara la kwanza likitokea, mimi hulikata. La pili huliacha lifunguke, na vidaka vikikaa hadi vikawa vitale, ndipo ninapomwambia mwenye kiwanja kwamba mirunda inaweza kutoka.